Kitambaa Ndani ya Mtutu

JUMAMOSI, DESEMBA 1956. SAA NANE MCHANA. THIKA.

Chumba cha nyuma ya bucha ya Zacharia kilinuka damu ya juzi. Mpango ulichorwa kwa chaki juu ya gogo la kukatia nyama, kwa sababu gogo huoshwa.

"Kesho saa nne, watu wa shamba wote wako kanisani," Zacharia alisema. "Lori ya Urbanus inafika stoo ya kahawa, pale Ruiru, saa nne na robo. Magunia arobaini. Funguo iko na karani, Simeon, anayebaki stoo. Na askari?"

Askari alikuwa Kiilu, naye alikuwa ameketi palepale.

"Askari anasafisha bunduki," akajibu.

Huo ndio uliokuwa utamu wa mpango. Kila Jumapili saa nne, kwa amri ya mzungu wa shamba, Kiilu huisafisha bastola yake ya kazi. Hutoa risasi sita, hutazama kila tundu kwa jicho na kuligusa kwa kidole, kisha risasi hufungiwa ofisini. Ndipo huketi nje na mafuta na kitambaa. Nusu saa nzima mlinzi hana tofauti na fundi cherehani. Nani angemlaumu kwa kutopiga?

Ujambazi hakuutaka. Aliingia kwa ajili ya mdogo wake, Kaleli, aliyekuwa akimfuata Zacharia kama mbwa wa bucha. Alimsihi atoke, akashindwa. Basi akaona heri awe karibu, amrudishe kwa mama yao, Nduku, akiwa mzima. Alidai jambo moja tu: damu isimwagike.

"Naapa," Zacharia alisema, akaweka juu ya gogo bastola kuukuu, nyekundu kwa kutu. Ilikuwa imefukiwa ardhini kule Gatuanyaga miaka miwili. Siku zile za hali ya hatari, Mwafrika akikutwa na bunduki bila kibali aliishia kwenye kamba. "Hii ni ya kutisha tu. Nitashika mimi mwenyewe. Nisafishie."

SAA TISA.

Kiilu alibaki peke yake. Alitoa risasi, akaziweka kwenye rafu ya mbali kama alivyofunzwa, akaanza kusugua. Nje ya mlango, Zacharia alikuwa akinong'ona na Urbanus.

"Simeon ananunua nyama kwangu. Sura yangu anaijua. Huyo hawezi kubaki."

Mwongo mkubwa! Mkono wa Kiilu ukasimama. Kisha akasukuma kitambaa ndani ya mtutu, na kingine juu yake, akashindilia kwa ufito mpaka mtutu ukaziba kabisa, ndipo akarudisha risasi. Zacharia akitunza kiapo, hatadhurika. Akikivunja, mtutu utampasukia mwenyewe, shauri yake. Na kusema kweli, Kiilu alifurahi.

Zacharia alijua kuchinja, hakujua bunduki. Alipoona chuma kinang'aa, aliridhika.

JUMAPILI. SAA NNE NA ROBO. RUIRU.

Bastola ya kazi ilikuwa mezani, wazi, tupu. Lori ikaingia. Zacharia akashuka mikono mitupu. Aliyeshika ile nyingine alikuwa Kaleli, anatabasamu kama bwana harusi.

Kiilu akaweka kitambaa chini.

"Mbona umempa huyu?"

"Anataka kuwa mwanaume. Wewe endelea na mafuta yako."

"Kaleli, lete niitazame kidogo."

"Kaka, si uliisafisha jana?"

"Lete, nakwambia!"

Zacharia aliwatazama wote wawili, mkono ukashuka kwenye kisu cha kiunoni. Kiilu akarudi kwenye mafuta yake. Aliogopa, basi. Neno moja tu lingetosha, naye akalimeza. Alijiambia Kaleli hana moyo wa kuua mtu.

SAA NNE NA DAKIKA ISHIRINI.

Ndani ya stoo, Simeon alitoa funguo bila ubishi. Magunia tisa yalikuwa yamepanda lorini Zacharia alipomgeukia Kaleli.

"Maliza karani."

"Tulisema hakuna damu."

"Amekuona. Na anamjua kaka yako. Akikutaja wewe, wanamnyonga Kiilu pia. Piga!"

Simeon akapiga magoti. Kiilu akaruka meza.

"Usipige! Tupa hiyo kitu, Kaleli!"

Kaleli alidhani kaka yake anamwonea karani huruma.

"Watakunyonga, kaka," akasema, akavuta.

Mtutu ukapasuka. Kipande cha chuma kikamwingia Kaleli shingoni. Simeon alibaki magotini, hana hata mkwaruzo. Zacharia na Urbanus walirukia lori, wakakimbilia upande wa Witeithie bila kutazama nyuma.

SAA NNE NA NUSU.

Kiilu alimpakata ndugu yake, akibana jeraha kwa viganja.

"Ile bunduki ilikuwa mbovu," Kaleli akasema kwa shida. "Si makosa yako. Wewe uliisafisha vizuri. Ama?"

"Niliisafisha vizuri."

Kaleli akaitikia kwa kichwa. Hakusema tena.

SAA TANO NA ROBO.

Polisi walipofika, Simeon alimtetea mlinzi: bunduki yake iko mezani kama sheria inavyotaka, risasi ziko ofisini, na alijaribu kumzuia jambazi.

"Unamjua marehemu?" afisa akauliza.

"Ni mdogo wangu. Mimi ndiye nimemwua."

"Msimsikilize, bwana," Simeon akasema huku akilia. "Ni uchungu huo."

Afisa alimtazama Kiilu kwa huruma, akafunga daftari lake, akamwambia aende kwanza akamwarifu mama yake.