Picha za Mguu wa Bi Rawiya

Kila jioni, akitoka madrasa, Swafiya alichukua simu ya mamake, akapiga picha kidonda cha kidole gumba cha mguu wa nyanya yake, Bi Rawiya, akamtumia Daktari Kiptoo. Bi Rawiya alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alikuwa mbali, mjini. Hapa kijijini Matondoni aliyesafisha kidonda kila asubuhi ni Sista Bochaberi, muuguzi wa zahanati.

Swafiya alimchukia sista huyo kupita kiasi. Siku ya ukaguzi wa usafi shuleni, sista aliinua mikono ya Swafiya mbele ya darasa zima. "Kucha hizi ni shamba la mihogo?" Tangu hapo wenzake walimwita Mihogo, naye akaapa kumlipa sista kisasi, tena mbele ya watu.

Nafasi ikaja. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri, lakini siku nne mfululizo Swafiya alituma picha za wiki ya kwanza, kilipokuwa na usaha. Alilala akitabasamu. Acha naye agombezwe!

Siku ya tano Bi Rawiya na Swafiya wakiwa zahanati, daktari alipiga simu ya video.

"Sista, ripoti zako zasema kinapona, picha zasema kinaoza. Unakisafisha kweli? Kesho mgonjwa aletwe kwa boti. Nahofia tutakikata kidole."

Bi Rawiya akaanza kulia. Swafiya aliingojea furaha ya kisasi, isije.

"Nionyeshe picha ya jana," sista alimwambia daktari. Aliitazama. "Bi Rawiya alitiwa hina miguuni Alhamisi iliyopita, ya arusi ya mpwawe. Hapa hina iko wapi?"



"Ni mimi," Swafiya alisema. "Nilitaka ugombezwe."

Sista alielekeza simu kwenye mguu. Daktari aliukagua, akashusha pumzi. Kidole kilikuwa salama.

"Nilikosea kukuaibisha, nisamehe," sista alimwambia Swafiya. "Lakini daktari hana jicho hapa ila lako. Ukimdanganya, hutibiwi wewe wala mimi. Anatibiwa nyanyako, na vibaya."

Bi Rawiya alifuta machozi, akanyoosha mguu.

"Tukua simu, upige picha, mwanangu. Kisasi chako katafute pengine pa kukiweka. Hili ni guu langu."

Swafiya alinawa mikono mpaka ndani ya kucha, akapiga picha, na hina ikaonekana yote.