Fundi Akiondoka, Inazima

Basi kutoka Dar es Salaam liliingia stendi ya Kilosa saa nane mchana, na kabla halijazima injini, makuli na wauza karanga walishalizunguka. Bernadetha alijipenyeza katikati yao na gauni lake la njano, lililopigwa pasi mpaka unaogopa kuligusa, akidai mzigo aliotumiwa na kaka yake. Kuli akashusha boksi kubwa, akaligeuza chini juu.

"Taratibu, bwana! Hiyo ni maikrowevu, si gunia la mahindi."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, shati la drafti, bisibisi ya kupimia umeme imechomoza mfukoni. Jina lake Maduhu, fundi wa redio na televisheni pale sokoni, Msukuma ambaye baba yake alihamia Kimamba na ng'ombe wake.

"Wewe umejuaje kilichomo?" Bernadetha akamuuliza.

"Boksi limeandikwa, dada. Wewe tu ndiye hujaandikwa."

Bernadetha alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. "Naitwa Mwalimu Bernadetha."

"Basi mwalimu, ikikusumbua nibipu, nitakupigia."

Ulikuwa mwaka 2004, simu za mkononi bado ngeni Kilosa, na mwanamume kukupa namba yake halikuwa jambo dogo. Maduhu alipoitaja, Bernadetha aliiandika kiganjani, njia nzima akaogopa kutoa jasho.

Mashine iliwekwa sebuleni, maana kitu kama hicho hakifichwi jikoni. Mama yake, Mama Magreti, aliipangia nafasi kando ya televisheni. Bernadetha akaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, kirefu mpaka nyuma, kama vile vilivyofunika redio, televisheni na makochi. Siku mbili ilipasha wali vizuri. Siku ya tatu ikazima katikati ya kazi, hata namba zake za kijani zikapotea.

Bernadetha akabipu. Simu ikaita papo hapo.

"Haloo, mwalimu wangu."

"Wako tangu lini? Mashine imekufa."

"Imekufa, au umenikumbuka?"

"Yote mawili. Njoo!"

Maduhu alifika amenyoa ndevu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mgonjwa wako yule pale."

Akapima soketi, akakagua fyuzi, akafungua na kufunga mlango, akaingiza kikombe cha maji. Maji yakachemka. Akachemsha tena, yakachemka. "Mama, hii ni nzima kabisa," alisema kwa mshangao. Akaondoka, na jioni ile ile mashine ikazima.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki tatu. Fundi akija inawaka, akiondoka inazima. Sitawaficha, wapo wawili ambao hawakusikitika. Kila matengenezo yaliishia kwa matembezi mpaka stesheni ya reli, Bernadetha akiwa na kiatu cha kisigino kisichofaa kwa kokoto, Maduhu akimshika mkono asianguke hata pale palipokuwa tambarare. Mwezi haujaisha, Maduhu akaomba kuleta mshenga.

Mjomba Theodory akaja Jumapili kusikiliza habari za kijana huyo. Kwa kumheshimu, Mama Magreti akaingiza kuku kwenye mashine. Ikazima kuku angali baridi.

"Na fundi ndiye huyo anayetaka kuoa?" mjomba akauliza. "Anailegeza makusudi apate kurudi! Mtu anayetudanganya kwa sahani ya kuku atatudanganya kwa binti. Mshenga asije."

Bernadetha akatoka uani na simu.

"Maduhu, niambie ukweli. Unaiharibu?"

"Na wewe unaamini hivyo?"

"Nakuuliza tu."

"Mimi nilidhani ni wewe unayesingizia ili nije. Nilifurahi sana, Bernadetha. Kumbe mwenzangu ulikuwa unanihesabu mwizi."

Akakata. Kesho yake kibanda chake sokoni kilikuwa na kufuli. Jirani yake alisema amekwenda Mikumi kutengeneza majokofu ya hoteli moja ya stendi. Simu yake haikupatikana. Bernadetha alilia mpaka macho yakavimba, kisha akajikasirikia. Wanafunzi wake wa sayansi aliwafundisha kujaribu kwanza ndipo waseme. Yeye alisema kwanza.

Jumamosi akachukua daftari. Akachomeka pasi kwenye soketi ile ile, ikapata moto: umeme upo. Akaondoa kitambaa ili aone vizuri, akachemsha kikombe kimoja, cha pili, cha tano. Hakuna shida. Akarudisha kitambaa vizuri, kama kawaida ya nyumba, akaendelea. Kikombe cha tatu, mashine ikazima. Akapeleka mkono nyuma yake na kuurudisha upesi. Palikuwa pa moto mno! Matundu yote ya kutolea joto yalikuwa yamezibwa na kazi ya mikono yake.

"Mama! Fundi akija, kitambaa huwa kiko wapi?"

"Nakitoa mapema, kisije kikachafuliwa na mikono ya..." Mama Magreti akakiangalia kitambaa. Akamtazama binti yake, akatazama mashine. "Na akiondoka nakirudisha. Yesu wangu! Tumemsingizia mtoto wa watu."

"Nakwenda Mikumi, mama."

"Bado uko hapa?"

Alifika Mikumi mchana, gauni limejaa vumbi la njiani. Mabasi ya Iringa na Mbeya yalikuwa yamesimama, abiria wamejaa hotelini wakila haraka haraka. Maduhu alikuwa amechuchumaa nyuma ya jokofu karibu na kaunta.

"Fundi," Bernadetha akamwita.

Hakugeuka. "Mashine imekufa tena?"

"Ni nzima. Mimi ndiye niliyekuwa naiziba pumzi kwa kitambaa changu. Nimeijaribu, nimeandika, nimeona kwa macho yangu. Hukuwa na kosa lolote, Maduhu. Nisamehe."

Maduhu akasimama, bisibisi mkononi. "Na kama usingeona kosa liko wapi? Ungekuja?"

Swali hilo lilimchoma. Abiria wa meza ya karibu walishaacha kutafuna. "Siku ile nilikuuliza kwa sababu niliogopa," alisema. "Leo naogopa zaidi, na bado nimekuja. Sitaki kuishi bila wewe, iwe umekosa au hukukosa."

Bernadetha hakumpa nafasi ya kujibu. Akampigia mama yake nyumbani, akamkabidhi Maduhu simu.

"Shikamoo, mama," Maduhu alisema taratibu.

"Marahaba, mwanangu." Mama Magreti alikohoa kidogo. Tangu azae hakuwahi kumwomba radhi mtu wa rika la watoto wake. "Tulikukosea. Mimi ndiye niliyekuwa nakitoa na kukirudisha kitambaa, kwa mjomba nitasema mwenyewe. Unisamehe, baba."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Mshenga wako anakunywa chai au soda?"

Maduhu akacheka kwa sauti iliyojaza hoteli nzima. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Chai, mama," alisema, akimvuta Bernadetha kifuani na vumbi lake lote. "Atakuja Jumapili, na mimi nyuma yake."