Nafasi ya Christina

Jumamosi sokoni Gitega, Burundi, watu hupiga kelele mpaka husikii unachofikiri, lakini sauti moja ilimfikia Jeska akageuka. Kijana mmoja alikuwa anambembeleza Kadidja, muuza nyanya wa mtaa wa Nyamugari: "Naomba unipunguzie kidogo, mama, tafadhali."

Hicho kilikuwa Kiswahili cha kambini, cha darasani Tanzania, ambacho Jeska mwenyewe alikulia nacho mpaka amani iliporudi na wakimbizi wakarudi makwao. Akacheka bila kutaka.

"We Mtanzania, bei iko moja tu," Kadidja alisema. "Mi sipunguze juu ya tafadhali."

Kijana akamgeukia Jeska. Alikuwa mrefu, na shati lake la mistari ya buluu lilikuwa limepigwa pasi vizuri.

"Dada, nitetee. Mama huyu ananionea."

"Nikikutetea utanipa nini?"

"Nitakubebea kikapu mpaka kwenu."

Na kweli alikibeba. Aliitwa Elikana, mzaliwa wa kambi ya Mtabila, na njia nzima walikumbushana foleni za maji na walimu wenye fimbo. Jeska alikuwa amechoka kuchekwa kila anapofungua mdomo mjini hapa. Leo alikuwa amepata mtu wa kucheka naye, na moyo haukumtulia tena.

Simu zikaanza. Kila jioni Elikana alimuuliza amekula nini, naye Jeska akijibu maharage, alinuna kwamba maharage gani hayo yanaliwa bila yeye. Jeska alilala na simu kifuani kama msichana wa shule, mwanamke mzima yule.

Alikuwa katibu wa chuo kimoja binafsi cha uuguzi. Chuo kilikuwa na utaratibu wake: kila mfanyakazi aliruhusiwa kumsomesha mtu mmoja bila ada, awe mtoto wake, mwenzi wa ndoa ya komini, yaani ya ofisi ya serikali, au ndugu anayemlea. Nafasi ya Jeska ilikuwa na mwenyewe siku nyingi. Ilikuwa ya Christina, mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki kambini. Christina alikuwa Muyinga kwa baba yao, akilima na kusubiri Oktoba. Jeska alikuwa amemwapia kwamba akitulia tu, asijiingize kwa wanaume, uuguzi ataupata.

Elikana hakuwahi kuiomba nafasi hiyo. Alishusha pumzi tu kila walipopita mbele ya lango la chuo, akasema angekuwa muuguzi mzuri. Siku moja aliuliza kama mume naye anahesabiwa.

"Mume wa komini, ndiyo."

"Basi twende komini, mpenzi. Sherehe ya kanisani itafuata. Christina bado mdogo, atasoma mwakani."

Jeska aliona aibu, lakini alikubali. Mapenzi yalikuwa yamemkolea, na alipenda zaidi kuitwa mke kuliko kuitwa mwaminifu. Kwa kuwa neno kama hilo halisemwi kwa simu, alipanda gari asubuhi, akapita Karuzi, akafika Muyinga na sukari ya baba na kitenge cha mdogo wake.

Alimkuta Christina uani anapepeta maharage. Alimweleza yote, akamwomba radhi, na alipoona mwenzake ameinamia ungo wake, akatoa simu amwonyeshe picha ya shemeji, labda atatabasamu.

Christina aliitazama mpaka ungo ukamtoka mikononi.

"Shati hilo nilimnunulia mimi," alisema.

Ndipo yakatoka. Elikana alikuwa mchumba wake, na Christina alimficha kwa kumwogopa dada. Elikana alimuaga Christina kwamba anakwenda Bujumbura kutafuta kazi. Yote alikuwa ameyapata kwa Christina: chuo, nafasi, Jumamosi za Jeska kwenye meza ya Kadidja, hata kwamba dada yake akisikia Kiswahili cha kambini hawezi kujizuia kucheka.

Jeska alikaa chini palepale kwenye vumbi. Aliumia kwa alichofanyiwa, akaumia kwa alichokuwa amekuja kufanya. Walilia wote wawili, kila mmoja akimwonea mwenzake haya. Kisha Jeska akashika simu ampigie yule bwana amtukane.

"Usipige," Christina alisema. "Simu ataizima. Nataka kumwona usoni."

Siku ya komini Elikana alifika na suti ya kuazima, pamoja na Nazario, rafiki yake, kama shahidi. Jeska aliingia na imvutano, vazi la sherehe la wanawake wa Burundi, ya rangi ya machungwa, amependeza mpaka watu wakampisha. Ofisa aliuliza bibi arusi amekuja na shahidi gani.

"Mdogo wangu," Jeska alisema, na Christina akaingia kutoka barazani.

Elikana alishika ukingo wa meza. Ofisa, asiyejua lolote, akamuuliza shahidi kama anamfahamu bwana arusi.

"Namfahamu. Mimi ni mchumba wake."

Kalamu ya ofisa ikarudi mezani. Nje, Elikana alimkimbilia Jeska na kumshika mkono.

"Ni kweli nilikuja kwa sababu ya nafasi. Lakini nimekupenda, Jeska. Naapa."

"Nakuamini," Jeska alisema. "Ndiyo maana sitaki kukuona tena."

Akautoa mkono wake, akaondoka na mdogo wake.

Oktoba Christina alianza masomo. Nyumbani wanapika pamoja, wanachekeshana, ila jina lile halitajwi. Na Jumamosi moja, Jeska akichagua nyanya, alisikia nyuma yake mtu akisema, "Naomba unipunguzie kidogo, mama, tafadhali." Aligeuka haraka, tabasamu likamtangulia.

Alikuwa mzee mmoja tu, mkimbizi aliyerudi kama wao. Kadidja alimtazama Jeska, akamwongezea nyanya moja kwenye kikapu.