Magendo ya Hapana

"Simama!"

Mtu hakusimama.

Eliakim Tarbox aliruka mfereji wa maji ya chumvi, akatua kwenye tope hadi magotini, akajinasua. Mbele yake, kati ya majani marefu ya kinamasi, mwanamume alikuwa anakimbia na gunia mgongoni. Alikimbia vibaya. Gunia lilimvuta upande kama mlevi anayevutwa na rafiki yake.

Tarbox alichomoa bastola. Ya gumegume, kazi ya mafundi wa Utrecht. Haikuwahi kumwaibisha.

Akafyatua.

Risasi ilikata majani juu ya kofia ya yule mtu.

"Ya pili haipiti juu, ndugu!"

Hakuwa na ya pili. Bastola za zama hizo zilikuwa na neno moja tu kinywani. Lakini mwenye hofu hana muda wa kuhesabu. Mtu yule alijitupa kifudifudi.

Asubuhi hiyo ngoma ya kanisa ilikuwa imelia mapigo matatu, ikanyamaza, ikalia moja. Mji wote wa Saltreach, koloni la Waingereza pwani ya Amerika, ulidhani mpiga ngoma anajaribu ngozi. Tarbox peke yake alielewa. Magendo. Mtu mmoja. Akapita chini ya dirisha la Hakimu Barnabas Crowell, mkubwa wa koloni aliyemfanya jasusi wake, kama mpita njia yeyote.

"Kinamasi cha kaskazini," dirisha lilisema.

"Amebeba nini?"

"Kura za wizi."

"Akipigana?"

"Mlete na gunia lake kabla ya kura. Mengine usiniulize."

Ndivyo walivyo wakubwa. Amri wanatoa wao, tope unakanyaga wewe.

Sasa Tarbox alimwekea mtu yule mguu mgongoni, akamgeuza. Akamtambua. Jethro Swett, fundi wa mapipa, shemeji yake Silence Pickworth.

"Jethro! Kumbe ni wewe?"

"Ulimtaka nani, Papa wa Rumi?"

"Fungua gunia."

"Fungua mwenyewe. Nasikia una kisu cha Sheffield. Zawadi ya kusikiliza milangoni."

Tarbox alikata kamba.

Maharagwe.

Hapo ieleweke. Saltreach walijitawala, na walijivunia hilo kuliko watoto wao. Wanaume wa kanisa walikutana wakapiga kura, na kura yao haikuhitaji kalamu. Punje ya hindi ni ndiyo. Haragwe ni hapana. Kila mtu alikuja na zake kutoka nyumbani, akazitia sandukuni. Mkono mtupu hauhesabiwi.

Na leo kura ilikuwa moja tu: Silence Pickworth anyongwe au aachwe.

"Ulitaka kujaza sanduku," Tarbox alisema. "Mtu mmoja atie konzi nzima."

Jethro alicheka, meno yote tope. "Konzi! Nimeleta mtu na lake. Hebu niambie, kaka, kwako una haragwe?"

Tarbox alifuta kisu pajani.

"Hata la mbegu?"

"Sina."

"Kwa Shemasi Wigg?"

"Hana."

"Umejuaje?"

Alijua kwa sababu aliyachukua yeye. Februari, theluji imefunga milango, alipita nyumba kwa nyumba kwa amri ya Hakimu. Maharagwe yote yatolewe, ya askari wa mpakani. Mahindi mbaki nayo. Akina mama walimimina wakimtazama. Mmoja alificha kikombe kimoja chini ya mtoto mchanga. Tarbox alikitoa taratibu, mtoto hakuamka. Siku ile alijisifu kwa wepesi wa mkono.

"Tena niambie," Jethro alisema, sasa hacheki. "Mpakani umemwona askari gani?"

Tarbox hakuwa amemwona hata mmoja.

"Walituachia ndiyo, Eliakim. Hapana zetu zote wamefungia ghalani. Shemeji yangu atanyongwa kwa kura ya watu wote, na kila mmoja atarudi nyumbani akisema, nilikuwa sina la kutia."

Mke ndiye humwambia mtu maneno ya namna hiyo mezani, kabla mambo hayajaharibika. Mke wa Tarbox alikuwa kaburini tangu mwaka juzi. Na aliyemwosha, akamvika, akamfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe, ni Silence huyo huyo.

Ndiyo maana alimfungulia Tarbox mlango.

Ilikuwa Jumamosi moja kabla ya Februari ile, chungu cha maharagwe na nyama ya nguruwe kikiiva jikoni polepole, maana kesho yake ni Sabato na moto haupikiwi. Jina lake maana yake ni Ukimya, lakini ulimi wake haukulijua jina hilo. Alimpakulia mjane mwenzake akaongea. Akasema Mungu hakai mfukoni mwa Hakimu. Tarbox alikula, akafuta mdomo, akaenda kumwambia Hakimu.

Neno lile moja ndilo lililomfunga.

"Simama," Tarbox alimwambia Jethro.

"Unanipeleka?"

"Nina amri."

Alimfunga mikono. Akalibeba gunia yeye mwenyewe.

Nyumba ya ibada ilijaa. Wanaume kwenye mabenchi, kila mmoja na mkono mfukoni, kila mfuko na punje ya hindi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nje, juu ya mwaloni, kamba ilikuwa tayari. Hakimu Crowell alisimama nyuma ya sanduku, uso umetulia kama maziwa.

"Ndugu Tarbox. Mungu asifiwe. Kazi?"

"Imekwisha, Mheshimiwa."

"Lete gunia hapa mbele."

"Limelowa. Ni zito."

"Lete hivyo hivyo."

Tarbox alitembea hadi katikati ya nyumba. Akasimama. Akachomoa kisu cha Sheffield.

Akapasua gunia juu hadi chini.

Maharagwe yalimwagika kama mvua ya mawe kwenye bati. Yaliruka, yakaviringika chini ya mabenchi, yakaingia kwenye nyufa za mbao, yakaingia hata kwenye viatu vyake vya shingo pana.

"Hakuna askari mpakani," Tarbox alisema. Sauti haikupanda. "Maharagwe yenu yako ghalani kwa Hakimu. Nayajua. Niliyapeleka mimi."



Kisha mzee mmoja wa benchi la nyuma akashuka chini kwa magoti. Akafuata mwingine. Kisha benchi zima.

Watu hawa walivuka bahari kuwakimbia maaskofu waliowalazimisha kupiga magoti. Goti kanisani kwao lilikuwa haramu kuliko ulevi.

"Inukeni!" Crowell alipiga kelele. "Hatupigi magoti katika nyumba hii!"

"Hatusali, Mheshimiwa," mzee alijibu kutoka chini ya benchi. "Tunaokota."

Mtu alicheka. Kicheko cha kwanza mle ndani tangu nyumba ijengwe.

"Hayo ni magendo! Si halali!"

Shemasi Wigg aliinuka na vumbi magotini, haragwe kati ya vidole viwili. "Sheria inasema haragwe, Mheshimiwa. Haiulizi limetoka wapi." Akaliweka sandukuni mbele ya macho ya Hakimu, taratibu, lisikike.

Tak.

Wakapanga mstari. Tak. Tak. Punje za mahindi nazo zilikuwepo, wapo waliomtaka Silence afe kweli kweli. Lakini sanduku lilipomwagwa mezani, meza ilikuwa nyekundu kwa maharagwe.

Zamu ya Tarbox ilipofika, alipita sanduku bila kutia kitu. Hakuokota hata moja. Hakujiona ana haki ya hapana.

Alikata kamba za Jethro kwa kisu kile kile.

"Kumbe una damu, wewe," Jethro alisema akisugua vifundo vya mikono.

"Nenda kamtoe shemeji yako."

Walikutana mlangoni. Silence alikuwa amekonda, majani ya gerezani kwenye nywele. Tarbox alivua kofia.

"Mama Silence."

"Ndugu Tarbox." Alitoa jani moja nyweleni. "Ile Jumamosi nilikupa chungu chote. Nililala bila kula. Ulishiba?"

Angeweza kusema mengi. Kwamba alitumwa. Kwamba leo amerudisha.

"Nilishiba," alisema.

"Haya."

Silence akapita.

Nyuma yao watu walikuwa wameshaanza kumfokea Crowell, wanataka ufunguo wa ghala. Tarbox hakugeuka. Alivaa kofia, akaishusha usoni, akashika njia ya kusini, mkono mmoja juu ya bastola tupu, mwendo wa mtu asiye na haraka.

Ndani ya kiatu cha kulia, chini ya kisigino, haragwe moja lilimchoma kila alipokanyaga.

Hakulitoa.