Jivu la Mzee Kuratani

Nauza vyetezo vya kale vya shaba nyeusi hapa Takaoka. Vya umbo la simba, kasa, korongo... Watu huviweka sebuleni kama mapambo tu, havionjeshwi moshi tena. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mke wangu Sumie alipofariki. Nikamtoa dukani bata wa shaba aliyekuwa akimpenda, nikamweka mbele ya picha yake kwenye kabati dogo la kuwakumbukia wafu wetu. Tangu siku hiyo, wimbo wa saa kumi na moja jioni ukilia kwenye vipaza sauti vya mji, nawasha kijiti kimoja cha udi.

Na Sumie huja.

Sikumwambia mtu. Wangesema mzee kaanza kuchanganyikiwa. Lakini mguu wake wa kushoto aliuburuta tangu ujana, na mburuto ule hata usingizini ningeutambua. Huja kupitia ukumbini, huingia, na mto wake wa kukalia hubonyea kidogo. Kijiti kikiisha, huondoka. Nusu saa tu. Hayo ndiyo maisha niliyobakiwa nayo.

Shida ilikuwa jivu la tumboni mwa bata, ambamo kijiti huchomekwa. Yeye ndiye aliyelichekecha kila mwisho wa mwaka. Mimi kwa miaka mitatu sikuwa na moyo wa kuligusa. Likafanya mabonge, vijiti vikawa vinazimika katikati. Kijiti kikizimika, Sumie naye hukatika papo hapo.

Januari nilipanda milimani kuchukua vitu vya kale vilivyoachwa na mzee Kuratani, aliyefia nyumbani kwake peke yake. Jua lilikuwa linazama na theluji ilinifika magotini. Jirani yake, Mama Ogasa, akanifungulia. Juu ya kabati alikaa simba wa shaba, mdomo wazi, na tumboni mwake jivu jeupe, laini kama unga wa mchele. Jivu la miaka arobaini. Halipatikani dukani hilo.

"Simba mchukue," Mama Ogasa aliniambia. "Jivu liache."

"Jivu nalo lina mwenyewe, mama?" nikamtania.

"Wafu wanakula moshi, Bwana Hamaya. Kila mmoja na chungu chake. Nyie wauza mapambo mmeshasahau."

"Haya, haya. Nitalimwaga hapo nje."

Alipogeuka kuzima taa, nililimimina lote kwenye mfuko wa plastiki, nikauficha ndani ya koti. Haikuwa tamaa. Nilimtaka mke wangu kwa kijiti kizima, basi.

Kesho yake jioni nikalichanganya na la bata. Wimbo wa mji ukalia. Nikawasha. Kijiti kikasimama wima, moshi ukatoka mdomoni mwa bata bila kukatika.

Mburuto ukaja...

Na nyuma yake, hatua nyingine.

Nzito. Za miguu mitupu. Zikaja na harufu ya chumba kilichofungwa miezi mingi. Mburuto ukasimama mlangoni.

"Mume wangu..." Sumie akanong'ona. Miaka mitatu hakuwahi kutamka neno. "Umemkaribisha nani?"

Zile hatua zikampita. Mto wake ukabonyea. Ukabonyea sana.

"Asante," sauti ya kiume ikasema ubavuni mwangu. "Tangu Oktoba hakuna aliyeniwashia."

Asubuhi nilimpigia simu Mama Ogasa. Nilipomtajia Oktoba, akashusha pumzi.

"Ndipo alipofariki. Desemba ndiyo tukamkuta. Ulilichukua, sivyo?"

"Nifanyeje, mama?"

"Limwage lote kwenye maji yanayotiririka."

"Na la mke wangu je?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, baba. Na jivu halichaguliwi kama mchele."

Nilimbeba bata mpaka darajani. Nikasimama pale hadi vidole vikafa ganzi, kisha nikarudi naye. Nisingeweza kumzika Sumie mara ya pili.

Kwa hiyo niliendelea kuwasha. Kila jioni mgeni aliketi kwenye mto wa mke wangu, na mke wangu akasimama nje ya mlango. Nilimsikia akilia kwa sauti ndogo, nami nikalia ndani.

Jana, kijiti kilipofika nusu, mgeni akasema kwa upole:

"Mkeo anapigwa na baridi huko nje."

"Basi toka!"

"Nitoke niende kwa nani? Toka wewe."

Nikatoka. Nilidhani nitamshika mkono hatimaye.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Nyuma yangu mlango ukajifunga taratibu... na ndani nikausikia mguu wa Sumie ukiburuta juu ya mikeka. Nikavuta mlango, haukusogea. Nikagonga. Nikamwita kwa jina lake, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nani huyo anayegonga?" Sumie akauliza.

"Hakuna mtu," mgeni akamjibu.