Aliyeombwa Amwangalie Bonge

Siku ile mle chumbani walikuwamo mama, binti yake waliyemwita Siafu kwa kutotulia kwake, mtoto mchanga Bonge, wifi wa huyo mama ambaye ukoo mzima ulimwita Redio, na fundi cherehani wa kitanda cha karibu na mlango. Basi. Mwingine hakuwapo.

Walikuwa safarini kumfuata baba watoto kazini, wakapumzika kwenye hosteli hiyo. Ilikuwa safi. Kilichomkera mama kilikuwa kitu kidogo tu: mapazia ya vitanda vyote yalifungwa pembeni, isipokuwa la kitanda cha juu kule kona. Hilo lilishushwa mpaka chini, na nyuma yake ilitoka harufu ya maziwa yaliyochacha. Akadhani ni mzazi mwenzake amejilaza.

Aliyemtia shaka alikuwa fundi. Yule mwanamke aliwapa nafasi ya kuanika nepi, akamshonea Siafu mwanasesere wa vitambaa, lakini macho yake hayakubanduka kwa Bonge. Redio alinong'ona kwamba mtu anayesafiri bila mtoto, halafu anajua kukunja nepi namna ile, ana lake jambo. Mama alimkumbusha kuwa yeye Redio hakumwamini hata kaka yake alipofuga ndevu. Wakacheka. Hata hivyo mama aliusogeza mfuko wa mtoto mbali na kitanda cha fundi.

Ndiyo maana mchana, Redio alipokwenda kununua maji na mama akataka kumwogesha Siafu, hakumpelekea mtoto fundi aliyekuwa akishona kibarazani. Alimlaza Bonge kitanda cha chini kule kona, akafanya wanavyofanya kina mama wote wa hosteli. Akamwomba jirani.

"Samahani, dada," alisema kwenye pazia. "Niangalizie mwanangu kidogo, namwogesha dada yake."

"Nenda tu, mama," ikajibu sauti nzito, kama ya mtu aliyetoka usingizini. "Niachie."

Aliporudi, Bonge hakuwapo kitandani. Ila kule juu alisikia kiganja kikimpigapiga mtoto mgongoni, polepole, kwa mpigo ule ule anaoutumia yeye. Akashusha pumzi. Fundi alipoingia kuchukua uzi, mama akamwambia, kwa kumchoma kidogo, kwamba duniani bado kuna watu wenye utu, jirani wa juu amembembeleza mtoto bila hata kuombwa mara mbili.

Fundi akasimama.

"Jirani gani, mwenzangu? Kitanda kile hakina hata godoro. Mimi namtazama mwanao kwa sababu tangu mmeingia anachekea lile pazia."

Redio naye aliingia na maji yake, akasikia, akayatua chini akalirukia pazia alipasue, na hapo kiganja kule juu kikaanza kupiga haraka haraka, kwa uzito, na harufu ya maziwa ikajaa chumba kizima mpaka Siafu akaziba pua, na Bonge, ambaye hata njaa kidogo humfanya alie mtaa mzima usikie, hakutoa sauti yoyote.

Fundi alimshika Redio mkono. "Usimnyang'anye," alinong'ona. "Mama yake ndiye aliyemkabidhi. Amwombe mwenyewe."

Mama alipanda kitanda cha chini, akainua mikono yote miwili mbele ya pazia, na kwa kuwa hakujua dua ya kumfukuza jini wala hakuwa na mganga wa kumkimbilia, akaongea kama angeongea na mzazi yeyote aliyemsaidia njiani.

"Asante, dada. Umenitunzia vizuri. Nimerudi, nipe mwanangu."

"Bado amelala."

"Atalala mgongoni kwangu. Wewe umechoka. Pumzika sasa."

Kiganja kikanyamaza. Kisha pazia likavimba chini, likasukumwa na kitu kizito na cha mviringo, na Bonge akateremkia mikononi mwake akiwa na joto lake, mzima, macho wazi. Nepi yake ilikuwa imebadilishwa. Midomoni alikuwa na maziwa, na mama hakuwa amemnyonyesha tangu asubuhi.

Waliondoka saa ile ile, fundi akiwabebea mfuko wa mtoto mpaka barabarani.

Bonge sasa anasoma darasa la pili. Mama yake hajamwomba tena mtu yeyote amwangalizie, hata mama yake mzazi.