Ruta Ndani ya Sanduku la Chuma

Mchezo ulikuwa unakwama, na baba na binti yake walikuwa karibu kuuacha.

Baba huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani wanamwita Cheche. Binti yake ni muuguzi, anafanya kazi nchi ya mbali. Kila Jumamosi saa kumi alasiri hucheza mbio za magari kwa mtandao, kila mmoja mbele ya runinga yake. Kwenye simu Cheche husema, "Mimi mzima," basi. Akiwa kwenye mbio huongea mpaka anasahau chai.

Jumamosi ya sita ya tabu hiyo, binti alipiga kelele, "Baba, kata kona!"

"Nimekata!"

"Mbona umesimama?"

Gari la Cheche lilikuwa limeganda. Kisha likaruka, likagonga ukuta.

"Baba, kama umechoka kucheza na mimi, sema tu. Sitakasirika. Tuache."

"Sijachoka, mama," Cheche akasema. Lakini sauti nayo ilikatika. Binti hakusikia.

Mkewe, fundi cherehani, akachungulia kutoka chumba cha mbele. "Bingwa, umepigwa tena?" Alipouona uso wa mumewe, akaacha utani.

"Nitanunua kifurushi cha mtandao kikubwa zaidi," Cheche akasema.

"Mwezi uliopita ulinunua kikubwa. Kimesaidia nini? Namwita jirani."

Jirani ni fundi wa simu na kompyuta. Wanamwita Mama Waya. Alikuja na kandambili, mkononi ana bisibisi.

"Haya, shemeji. Ruta ya kugawa mtandao iko wapi?"

Cheche akampeleka chumba cha mbele. Kando ya cherehani palikuwa na sanduku la chuma. Alilichomelea mwenyewe, bawaba mbili, kufuli, rangi ya kijivu. Lilikuwa kazi safi kweli.

"Vumbi haliingii," akasema kwa fahari. "Mwizi haingii."

"Na mtandao hautoki," akasema Mama Waya.

"Lina matundu!"

"Hayo ya hewa. Shemeji, ruta hutuma habari kwa mawimbi. Chuma huyazuia. Umeifunga jela, halafu unailaumu haiji kazini. Sanduku lina muda gani?"

Cheche akahesabu kimya kimya. "Wiki sita," akasema, na sauti ikashuka.

Mama Waya akaenda chumba cha nyuma penye runinga, akapima kwa simu yake. "Ona, mia nne. Huu ni muda wa habari kwenda na kurudi. Sekunde moja ina vipande elfu, na hapa vinapotea mia nne. Wewe unakata kona, amri ikifika kwenye mchezo umeshagonga. Kwa mbio, namba hii iwe ndogo, na isirukeruke. Kifurushi kikubwa hakitibu hilo."

Cheche akafungua kufuli. Wakaitoa ruta, wakaifunga kwa skrubu juu ya mlango wa ukumbi, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Mama Waya akapima tena. Mia na hamsini.

"Afadhali," akasema. "Lakini kwa mchezo, waya unashinda hewa. Mawimbi hupita kuta na hugombana na ya majirani. Waya hauna ugomvi na mtu."

Cheche akanunua waya wa mtandao, akaupitisha juu ya ukuta, ncha moja kwenye ruta, nyingine kwenye mashine ya mchezo. Namba ikatulia kwenye tisini.

Mama Waya akafungua ukurasa wa ruta kwenye simu. "Nyumba hii ina vifaa vingapi?"

"Vinne."

"Hapa naona tisa."

Mkewe akashika mdomo. "Kumbe ndiyo maana wateja wangu wakishapimwa hawaondoki!"

Wakabadilisha neno la siri. La zamani lilikuwa moja mpaka nane, na mtaa mzima uliliimba. Kisha Mama Waya akaiagiza ruta iihudumie kwanza mashine ya mchezo.

"Na wewe, dada," akamwambia mke wa Cheche, "tamthilia zako usizipakue saa kumi Jumamosi."

"Nitazipakua asubuhi. Saa kumi ni ya mwanangu."

Jumamosi iliyofuata Cheche alikaa mapema, amenyoa ndevu kama anakwenda harusini. Binti aliingia kwa sauti ya uchovu.

"Tujaribu mara ya mwisho, Baba."

Kona ya kwanza, gari likatii. Ya pili, likatii. Ya tatu, Cheche akampita.

"Baba! Umenipita!"

"Sijachoka na wewe," Cheche akasema. "Nilisema siku ile, hukusikia. Nilikuwa nimeifungia ruta ndani ya chuma, mama. Ni ujinga wangu."

Binti akacheka, kisha akapenga kamasi. "Rudia, Baba."

"Ujinga wangu?"

"Hapana. Ile ya kwanza."

Akairudia. Gari lake likagonga ukuta, safari hii kwa kosa lake mwenyewe, na hakujali.

Kazi yote iligharimu hivi: waya wa mita kumi na mbili, vibanio kumi na vitano vya kuushika ukutani, skrubu mbili, na mchana mmoja. Mama Waya alikataa pesa, akatengenezewa bawaba ya geti lake. Sanduku, kazi ya siku tatu, sasa linatunza vifungo na nyuzi za mkewe. Na zilipotea Jumamosi sita za mbio. Hizo hazikurudi.